Usimpe Pole, Mpe Pasi

Ukimwamkia Kocha shikamoo kwa sauti ya chini, kama ninavyowaamkia watu mimi, alikuitikia marahaba iliyofika mpaka kule wanakopaki bajaji, na watu wote wakageuka kuangalia ni nani kaamkia. Nilikuwa naona haya mpaka natamani kupita njia ya nyuma. Lakini njia ya nyuma inapita uwanjani kwake, kwa hiyo hapakuwa na pa kukwepea.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Kwa watoto alikuwa Kocha, na kwa wachimbaji waliokunywa chai yake alfajiri kabla ya kwenda kwenye mashimo ya almasi alikuwa Kocha pia. Hata mchungaji akitangaza wagonjwa kanisani alisema tumwombee Kocha, goti limemrudia.

Hilo goti lilikuwa kama ndugu yake wa kuishi naye. Zamani alicheza netiboli katika timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini, na kilichobaki cha enzi hizo ni filimbi moja na goti la kulia. Alikuwa analisemesha. "Haya bibi, twende," analiambia akiinuka kwenye kigoda. Likigoma, anakaa tena na kulishtaki kwa wateja: "Mnaona? Mimi nataka kwenda, yeye hataki." Wateja walishazoea. Wengine walimsalimia yeye kisha wakalisalimia goti.

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi pembeni mwa Maganzo, mahali ambapo watu walichekecha mchanga wakachoka wakahama, wakaacha malundo ya kokoto. Kocha alisawazisha malundo kwa jembe, na kokoto zilizobaki akazipanga kuwa mistari ya uwanja. Watu walidhani hana hela ya chokaa. Ilikuwa kwa ajili ya Limi, binti wa jirani yetu, ambaye haoni tangu alipozaliwa. Limi akicheza pekupeku, unyayo ukigusa kokoto anajua amefika mwisho wa uwanja, anageuka bila kuambiwa. Mpira wao ulikuwa wa nguo, umeshonewa vizibo vya soda ndani, ukibingirika unalia kama mtu anayetikisa mfuko wa misumari.

Wachezaji walikuwa watoto wadogo wa umri wa chekechea, wenye ulemavu na wasio nao, wote pamoja. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Walielewa mtu kukusanya watoto wenye ulemavu na kuwagawia biskuti. Hawakuelewa kuwachanganya na wengine halafu kuwapulizia filimbi ya faulo.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, mapema sana. Kocha alisema anawahi kwa sababu jua linampa maumivu ya kichwa. Huo ni uongo. Siku za wiki alikaanga maandazi juani bila hata kitambaa kichwani. Aliwahi kwa ajili ya Juma, mtoto wa muuza vitambaa sokoni, ambaye ana ualbino na ngozi yake haivumilii jua la saa nne. Kocha hakutaka Juma ajue kwamba timu nzima inaamshwa kwa ajili yake, kwa hiyo alikubali kuonekana yeye ndiye dhaifu. Alidanganya hivyo kila Jumamosi, na Juma alikuwa anamwonea huruma: "Kocha, chukua kofia yangu." Na Kocha anamwambia aivae mwenyewe, kichwa chake yeye hakiingii.

Nikisema alikuwa mkweli na mwongo kwa pamoja sitakuwa nimekosea. Alihubiri zamu kuliko kitu chochote. Kila mtoto ana zamu, hata anayetumia muda mrefu kuinua mguu, na anayemrukia mwenzake anakaa nje. Lakini mkae naye kwenye karata! Alikuwa anaficha dume chini ya lile goti, na ukimshika anasema goti ndilo limeiba. Alisema hana mtoto anayempendelea, na kipande cha andazi cha kwanza kilikuwa kila mara kwenye mkono wa Limi. Aliwagombeza wachimbaji wakubwa wenye misuli mpaka wakainamisha vichwa, na alikuwa anaogopa vyura. Mara moja chura aliruka karibu na jiko lake na Kocha akawa amepanda juu ya benchi la wateja, goti au si goti.

Kitu kingine, hakujua kushukuriwa. Mzazi akianza kusema "Wabeja sana, Kocha," yeye anageuka, anaanza kuongea na goti.

Maneno yake yaliyojulikana ni haya: "Usimpe pole, mpe pasi." Yalianza siku ambayo watoto wenye macho walimwachia Limi afunge. Walisimama tu, mpira ukalia mpaka golini, wakapiga makofi. Kocha akapuliza filimbi mpaka mbwa wakabweka.

"Nani kamwachia?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Limi, umefunga?"

"Sijafunga," Limi akasema, amenuna. "Wamesimama. Nimesikia miguu yao imesimama."

"Goli limekataliwa," Kocha akasema. "Na nyie wenye huruma, njooni hapa."

Akachana khanga kuukuu, akawafunga macho wote kwa kipindi cha pili. Wakawa wanagongana kama mbuzi ndani ya banda. Limi akawapita, akafunga, akarudi tena, akafunga. Alicheka mpaka akakaa chini. Toka hapo kipindi cha pili kilichezwa hivyohivyo kwa kila mwenye macho, na watoto walikipenda kuliko cha kwanza.

Mimi sikuwa mchezaji, nilishapita umri. Nilikuwa nampeleka mdogo wangu kisha najibanza kwenye lundo la kokoto. Siku moja Kocha akanielekezea filimbi kama bunduki.

"Kabula, wewe huna kazi. Tangaza."

"Siwezi, Kocha."

"Limi hajui nani ana mpira, nani kaanguka. Wewe una macho na mdomo, unamnyima nini?"

Nikasema mpira uko kwa Juma. Nilisema kweli, ila kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Limi akageuza sikio.

"Dada Kabula, unawatangazia sisimizi?"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikajikuta napiga kelele: "Juma anao, anakuja kulia kwako, Limi, kulia!" Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Darasani bado najibu maswali ndani ya kichwa changu. Uwanjani nilikuwa mtu mwingine, na sijui huyo mtu siku za wiki alikuwa analala wapi.

Sasa mdogo wangu, Masele. Ana mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa inakakamaa na kujipinda kama mkasi, na shingo ilichoka haraka. Kukaa alikaa kwenye beseni la bluu, amezungushiwa nguo ili asiangukie upande. Mama hakumficha, nisimsingizie. Alimweka ndani. Aliwahi kumbeba hadi mnadani, mama mmoja akauliza mbele za watu, "Huyu mlimkosea nani?" Mama akarudi bila kununua alichoendea, na tangu siku hiyo dunia ya Masele ikawa chumba na ua.

Kocha ndiye aliyemwomba, na Mama akakubali Masele aende kuangalia tu. Kuangalia kwa Kocha hakukuchukua hata asubuhi moja. Alifunga kamba kwenye beseni, watoto wakawa wanalivuta kwa zamu uwanjani, na Masele anaupiga mpira kwa mkono ukipita. Alirudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anatoa ule mlio wake wa furaha unaofanana na pampu ya baiskeli.

Mama alipoambiwa na majirani, alimfuata Kocha palepale kwenye chai.

"Kocha, nakuheshimu sana. Lakini mwanangu wanamburuta kama ndoo ya mchanga."

"Wanampeleka kwenye mpira, Mama Kabula. Peke yake hafiki, mpira nao haumfuati."

"Watu watacheka."

"Nani kacheka?"

"Wataanza."

Kocha akashusha chujio. Aliongea kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, yaani wateja wote walisikia lakini barabarani hawakusikia. Alisema amezungumza na mwalimu wa darasa la awali, na mwalimu yuko tayari kumpokea Masele Januari. "Mimi siwezi kumpeleka. Wewe ndiye mama. Njoo Jumamosi uangalie mara moja. Ukiona kicheko kibaya, mbebe mwanao, na sitapiga hodi kwako tena."

"Kimoja tu," Mama akasema. "Nikisikia kimoja tu, shule hakuna na uwanja hakuna."

Usiku ule nilisali kwamba Maganzo nzima iwe na huzuni siku ya Jumamosi.

Kwa kilichotokea nailaumu gololi. Kocha alikuwa na mchezo wa mikono, kwa watoto ambao vidole vyao havifunguki kirahisi. Alizika gololi kwenye kokoto, akawapa machekeche yaliyotupwa na wachimbaji, wakawa wanachekecha na kupekua mpaka waipate. Aliyeipata aliinua juu kila mtu aone, kisha Kocha aliipokonya haraka kabla haijaingia mdomoni mwa mtu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaangalia kushoto na kulia kutafuta pa kuizika tena.

Mchezo huo haukusubiri Jumamosi, na Ijumaa ile waliucheza jioni, jua likishapoa. Juma akaipata gololi nyeupe, akaiinua, jua la jioni likapita ndani yake. Kocha akaipokonya, akafunga pindo, akaangalia kushoto na kulia. Na barabarani alikuwa amesimamisha pikipiki broka mmoja, wale wanaonunua mawe kwa wachimbaji, mtu mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mahali pengine popote angeona bibi anacheza na watoto. Hapa Maganzo aliona chekeche, kokoto, kitu kinachong'aa, na mwanamke anayeficha kitu huku akiangalia kama kuna mtu.

Jumamosi tulifika, Mama kambeba Masele mgongoni, mimi nimebeba beseni. Uwanja haukuwepo. Palikuwa na wanaume wengi kama mnada, kila mmoja na koleo lake au sururu, mashimo kila upande, mistari ya Limi imetawanyika. Rashi imeingia, yaani watu wamesikia kuna jiwe wakakimbilia kuchimba, na rashi ikiingia watu hawaulizi uwanja ni wa nani. Watoto walikuwa wamesimama pembeni na wazazi wao. Limi alikuwa ameshika mkono wa dada yake anauliza, "Mbona wanachimba? Kokoto zangu ziko wapi?"

Mama akaangalia, akaniambia, "Turudi."

Ndipo filimbi ikalia. Kocha alikuja anachechemea, hajamaliza hata kufunga kitambaa. Alipuliza mfululizo mpaka wanaume wakanyanyua vichwa kutoka mashimoni kama panya buku.

"Faulo!" akasema. "Faulo wote!"

"Mayu, mama yetu, usituchukie," mmoja akasema kutoka kwenye shimo. "Tuonyeshe tu ulipolipata. Hatutakusahau."

"Nimepata nini?"

"Jiwe. Kaliona mtu kwa macho yake." Wote wakamwangalia broka, na broka akarekebisha miwani.

Kocha akafungua pindo la khanga taratibu. Watu wakasogea, wengine wakavua kofia. Akaiweka gololi kwenye kiganja cha broka. Broka akaishika kama wanavyoshika wao, akavua miwani, akaielekeza juani, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso wake ukaanza kubadilika kidogokidogo.

"Gololi," akasema.

Kicheko kilichofuata sijawahi kusikia tena. Walicheka mpaka wakaegemea makoleo. "Broka kanunua gololi!" "Ina karati ngapi, bosi?" "Mke wangu kaacha kwenda kliniki, yuko njiani na karai!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia Mama. Alikuwa amekaza mbeleko na keshageuka, kwa sababu alichosikia yeye ni umati unacheka, na mgongoni kwake ana Masele. Alishapiga hatua. Halafu nyuma ya shingo yake ukatoka ule mlio wa pampu ya baiskeli. Masele alikuwa anacheka nao, kwa nguvu, kichwa kimemning'inia kumwelekea broka. Wanaume wakamsikia, wakacheka zaidi, na mmoja akasema, "Hata dogo kakuelewa, bosi!" Hakuna aliyeuliza ana nini.

Mama akasimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

Kocha naye alikuwa hamwangalii Mama. Alikuwa anaangalia shimo moja jembamba karibu na lilipokuwa goli. Aliliangalia, akamwangalia Masele, akaliangalia tena.

"Mama Kabula," akasema, "niazime mtoto."

"Umfanye nini?"

"Wewe mwenyewe utamshusha. Mimi goti haliruhusu."

Akamwamuru mwenye shimo atoke, akalichungulia mwenyewe kwanza kwa mbali, kama kuna chura. Akaagiza magunia, wakayatandika pembeni na chini. "Panguza upande huu. Si hivyo, utampa nafasi ya kupinda. Kina kiishie kifuani kwa mtoto, si kifuani kwako, wewe twiga!" Yule mchimbaji alichonga ukuta wa shimo kwa ncha ya koleo kama mtu anayechonga mwiko.

Mama akapiga magoti, akamshusha Masele polepole. Udongo ukamshika pande zote. Miguu ikakakamaa kama kawaida yake, lakini sasa haikuwa na pa kujipindia, ikanyooka. Kichwa kikatikisika, kikatulia. Mikono ilikuwa nje, huru, juu ya ardhi. Mama akaondoa mikono yake, wa kwanza, kisha wa pili.

Masele alikuwa amesimama.

Mama alibaki amepiga magoti mbele yake, macho kwa macho, halafu akalala kifudifudi akachungulia shimoni mpaka kwenye nyayo, akarudi juu.

"Kumbe mrefu," akasema. "Kumbe mwanangu mrefu kama baba yake."

Kocha akageuka akaanza kuongea na goti. Aliliambia mambo mengi, na makamasi yalikuwa yanamtoka. Kisha akapuliza filimbi.

"Golikipa tunaye! Nyie wengine fukieni mashimo yenu mechi ianze. Limi anataka kokoto zake. Na asiyefukia, Jumatatu chai hapati!"

Walifukia haraka kuliko walivyochimba. Broka alipewa kazi ya kupanga mistari, na Limi alimkagua kwa miguu akamrudisha mara mbili. Mechi ilichelewa, jua likawa limepanda, kwa hiyo kipindi cha kwanza kilichezwa kwenye kivuli cha turubai ambalo wachimbaji wanne walilishikilia juu ya kichwa cha Juma na kukimbia nalo kila alikokimbilia.

Mimi nilitangaza mpaka koo likakauka. Limi alipiga shuti, vizibo vikalia, Masele akatanua mkono mmoja, na mpira ukamgonga kiwiko ukaenda nje. Sitaki kudanganya kwamba aliudaka. Ulimgonga kiwiko. Wachimbaji walishangilia kama wamepata jiwe la kweli, na Mama alikuwa anapiga vigelegele amesimama nyuma ya goli, kitambaa kimemwanguka, hajali.

Januari Masele alianza darasa la awali.

Kocha alihama mwaka uliofuata. Binti yake alijifungua huko Geita, akamwomba aende, akaenda na filimbi na goti lake. Hakuaga vizuri, kwa sababu kuaga kunaleta shukrani.

Mwezi wa sita huu nilikwenda Geita likizo kwa baba mdogo. Siku ya Jumamosi, asubuhi, nikiwa natoka kununua mkaa, nikasikia filimbi nyuma ya nyumba. Nilijua kabla sijafika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda kidogo, anawafokea wachimbaji wawili wa dhahabu wenye makoleo. "Kifuani kwa mtoto nimesema! Hapo mnatafuta dhahabu au mnatafuta kuzika mtu?" Pembeni, mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto mwenye miguu kama ya Masele, na uso wa mama huyo una ile hofu niliyoizoea kwa Mama.

"Shikamoo, Kocha."

Hakusikia. Nikarudia.

"Nani anaongea na sisimizi hapo?" akasema, kisha akaniona, akanivuta mkono mpaka mkaa ukamwagika. "Kabula! Golikipa wangu yukoje?"

Watu wote walikuwa wamegeuka kutuangalia. Nikaanza kumjibu sikioni.

"Mimi sikioni sisikii siku hizi," akasema. "Na huyu mama pale anataka kusikia. Tangaza."

Nikamwangalia yule mama. Nikaweka mfuko wa mkaa chini.

"Golikipa Masele yuko darasa la kwanza!" nikasema, na sauti ikaenda mpaka barabarani. "Fundi kamtengenezea kizimba cha mbao, anasimama humo darasani na kuandika! Kutembea hatembei! Neno lake la kwanza kusema vizuri ni 'zamu yangu', na sasa hatuna amani nyumbani! Shimo lake limemwishia kiunoni, amerithi mtoto mwingine, na kila Jumamosi anayekwenda kulifagia ni Mama!"

"Na vyura?" Kocha akauliza.

"Anawatoa kwa mkono!"

Kocha akacheka mpaka akashika goti. Yule mama kijana naye alikuwa ameanza kutabasamu, akainuka na mtoto wake, akasogea kwenye shimo akachungulia ndani.

"Kocha," nikasema, "Mama amesema nikikuona nikwambie—"

Filimbi ikalia hapohapo, sikioni kwangu.

"Mechi inaanza," akasema. "Kuna mtoto pale golini haoni. Mwambie nani ana mpira."